Mtani wa Gavana

Alhamisi ile ilikataa kwisha, na wa kulaumiwa si jua. Jua lilikuwa likifanya kazi yake vizuri tangu enzi za mababu, likichomoza bila kuambiwa na kutua bila kuomba ruhusa, mpaka wanaume kumi na wanne walipoketi kwenye meza ya boma, saba upande huu na saba upande ule, wakaanza kujadili nchi ni ya nani. Jambo la kwanza walilobishania lilikuwa tarehe. Upande wa Dola ulitaka mkataba uandikwe kwa kalenda ya Dola, ile inayoanza kuhesabu miaka siku Dola ilipofika. Upande wa Chama ulitaka kalenda ya mavuno. Hawakuelewana. Wakakubaliana jambo moja tu, kwamba mpaka watakapoelewana leo itabaki leo. Jua likasikia. Likasimama palepale lilipokuwa, juu ya paa la ghala la pamba, saa nne ya asubuhi, na halikusogea tena.

Mwanzoni watu walifurahi. Nani asiyependa asubuhi? Walilala walipochoka, wakaamka, ikawa bado saa nne, wakasema hii ndiyo neema ya mazungumzo. Kisha nafaka ikaisha vihengeni na mtama wa shambani ukabaki na maziwa yake, haukomai. Katani haikurefuka, wasokotaji kamba wakakaa mikono mapajani. Kuku walilalia mayai mpaka wakayachoka. Na Chausiku, mke wa Katibu wa Chama, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa muda mfupi kabla jua halijasimama, akabaki na uchungu wake, unapanda na kushuka, na mtoto haji. Chausiku mwenyewe walimpa jina hilo kwa sababu alizaliwa usiku. Watu walikuwa wameanza kusahau usiku unafananaje.

Nchi nzima ikawa inaililia Ijumaa, isipokuwa Sihaba.

Sihaba alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mwenye sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya bonde, na hakutaka kusikia Ijumaa ikitajwa. Ijumaa asubuhi, jua likichomoza, mdogo wake Lugendo angenyongwa. Hukumu iliandikwa hivyo, Ijumaa, bila tarehe, kwa kuwa tarehe yenyewe ilikuwa bado inagombewa. Kosa la Lugendo lilikuwa kung'oa vigingi mia mbili ambavyo wapimaji wa Dola walivipigilia katikati ya mashamba ya watu. Alivifanya kuni, akawapikia ugali wapimaji walewale, wakala, wakaomba ukoko. Walipojua kuni zilikotoka ndipo walipokumbuka kwamba kila kigingi kilipigwa muhuri wa Dola, na kuchoma muhuri wa Dola ni kifo. Sihaba ndiye aliyemlea Lugendo tangu mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni, akamfundisha kutembea, akamfundisha na kutukana. Sasa Lugendo alikuwa gerezani nyuma ya boma, hai kwa sababu moja tu, kwamba leo ilikuwa bado leo.

Basi mfikirie. Wenzake wanaomba siku isogee, yeye anaomba isisogee. Wenzake wanataka uhuru, naye anautaka, aliuimba kabla hata ya wengi wao, lakini uhuru na kitanzi vilikuwa vimeshika njia moja na vilikuwa vinafika asubuhi moja. Mtu anayeiombea nchi yake ichelewe kwa ajili ya shingo moja, je, ni msaliti? Nauliza tu. Sihaba alijiuliza kuliko mimi, na kila alipojiuliza alijikuta anakodolea macho lile jua juu ya ghala la pamba, analibembeleza. Kaa hapo. Usiwasikilize. Kaa hapo hapo, mwanangu.

Mezani hakuwa na kiti. Alikuwa na kigoda pembeni, karibu na mlango, nacho alikipata kwa sababu ya ukoo wake. Ukoo wake ulikuwa wa watani. Katika nchi hiyo mtani hukutukana mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Akichukua kuku wako, humdai. Ukifa, yeye ndiye anayekuosha huku akiwatangazia waombolezaji jinsi ulivyokuwa mchoyo, na kabla hujashushwa anaweza kulala kaburini mwako na kukataa kutoka mpaka apewe anachotaka. Kumkasirikia mtani ni aibu kuliko wizi. Mpaka wake ni mmoja tu: mtani hatanii watu wa damu yake, na cha kwao hakichukui.

Wazo la kumleta bomani lilikuwa la Ngonde, Katibu wa Chama, mtoto wa kaka yake mkubwa. "Shangazi," alimwambia kabla mazungumzo hayajaanza, "sisi tukimwambia Gavana ukweli, anatufunga. Tumfanye mtani wako. Wewe utamwambia yote, na yeye atalazimika kucheka."

"Hivi kweli Gavana anaweza kuwa mtani wa mtu?"

"Akipakwa unga, anakuwa."

Wazo hilo likampendeza kila mtu. Gavana akapakwa unga wa mtama usoni, naye akampaka Sihaba, Sihaba akampokonya kofia akaivaa, wanawake wakapiga vigelegele mpaka madirisha ya boma yakatikisika. Gavana akauliza maana yake nini. Ngonde, ambaye alikuwa mtu mwaminifu na msomi, akamweleza taratibu zote, hii na hii na hii, bila kuruka hata moja. Gavana alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza jambo lolote la nchi hiyo.

"Sheria nzuri sana," alisema.

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo wasingelifanya watu wengine, maana wengine hawana zawadi kama hiyo ya kumpa adui. Utani haukai upande mmoja. Waliona jinsi watakavyomtukana, wakafurahi, hawakufikiria kwamba na yeye sasa ana haki ya kuchukua.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Sihaba alimwambia Gavana kwamba Dola yake ni kupe anayemlalamikia ng'ombe kwa kutembea sana. Akamwambia kwamba mtu aliyekuja kwa siku tatu na akakaa miaka sabini ama hana kwao ama kwao hawamtaki. Gavana alicheka. Wajumbe wa Chama walicheka mpaka wakashika mbavu, na nje, chini ya lile jua lisilosogea, watu walirudia maneno yake kama wanaokula karanga.

Ila kuna jambo lilimsumbua. Gavana hakuwa mtu mmoja. Kikao cha kwanza aliingia mrefu mwenye masharubu mekundu. Kikao kilichofuata akaingia mfupi mwenye upara, akaketi na kusema, "Kama nilivyosema." Kisha akaja mwenye miwani, mwenye mafua. Koti lilikuwa lilelile, jeupe, la vifungo vya shaba, kifungo cha tatu kimekatika. Wajumbe wa Chama walikuwa wamezoea kutazama koti, hawakuona tofauti. Sihaba akamkabili.

"Wewe wa leo, ni wewe niliyekupaka unga?"

"Ni mimi."

"Yule alikuwa mrefu."

"Nimeketi," Gavana akajibu, akapenga kamasi.

Sihaba akacheka kwa kuwa ndio utaratibu. Kumbe tumetaniana na koti, akawaza. Mtu unaweza kumwonea huruma, unaweza kumchosha, unaweza kungoja afe. Koti unalingoja lifanye nini? Na kama mamlaka hayamo ndani ya mtu, yamo wapi basi? Katika kitambaa? Katika kiti? Alikitazama kile kiti cha Gavana, cha mninga, mgongo mrefu, miguu minne minene. Mtu yeyote akikikalia, sauti yake inabadilika. Akaogopa, na alikuwa si mtu wa kuogopa.

Ibara ya tisa ya mkataba ilisema kwamba wafungwa wote waliofungwa kwa ajili ya ardhi wataachiwa siku hiyohiyo ya Alhamisi, kabla jua halijatua. Sihaba hakujua kusoma, ila ibara hiyo aliijua ilipo kwenye karatasi kama mtu anavyojua jino bovu lilipo kinywani. Ilipofikiwa, Gavana wa wakati huo, kijana mwenye mikono laini, alitoa kisu kidogo mfukoni. Akaikata ibara ya tisa kutoka kwenye karatasi, taratibu, mstari ulionyooka. Akaikunja. Akaitia mfukoni mwa koti.

"Nimechukua, mtani," alisema.

Wajumbe wa Chama wakacheka. Ndiyo, walicheka, kwa mazoea, vinywa vilikwishafunguka kabla vichwa havijafahamu. Kisha vicheko vikazima kimoja baada ya kingine. Ngonde alisimama, uso umemwiva, mkono umekunjwa ngumi. Akakumbuka. Mtani akichukua, humdai. Akaketi.

Sihaba alimkuta Ngonde ukumbini, ameegemea ukuta. Kutoka nyumba ya pili ilisikika sauti ya Chausiku akiugua.

"Utairudisha ibara yangu," Sihaba akasema.

"Shangazi, tumeelewana tarehe."

Sihaba akalitazama jua dirishani.

"Tumeelewana. Itakuwa Ijumaa kwao na kwetu. Kilichobaki ni kukizika kiti cha Gavana, kisha tunatia saini na jua linakwenda. Unamsikia mke wangu? Unasikia?"

"Namsikia tangu ulipoanza kubishania kalenda. Lugendo je?"

"Tutalishughulikia baada ya uhuru."

"Atanyongwa jua likichomoza. Bendera yenu inapanda saa sita mchana. Hiyo baada yako inaanzia wapi?"

Ngonde akafuta jasho. "Ni baba yangu mdogo, Shangazi. Ndiyo maana siwezi kulisimamia. Watasema Katibu ameichelewesha nchi kwa ajili ya ukoo wake. Wangekuwa wafungwa wa watu wengine ningepiga meza. Wallahi ningeipiga."

"Nani aliyemtuma Lugendo aking'oe kigingi cha kwanza?"

Jibu Ngonde alilijua. Alikuwa yeye. Alimtuma kwa mdomo wake, jikoni kwa Sihaba, anakula viazi vya Sihaba. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na Lugendo hakuwepo mezani. Sihaba alimtazama mpwa wake huyo mwenye akili, mwenye uchovu, akaona kwamba hakuwa mtu mbaya, na hilo likamuuma zaidi. Angekuwa mbaya angemtukana, moyo ukapoa.

Desturi ya nchi hiyo ilikuwa kwamba kilichokwisha huzikwa, la sivyo hurudi. Kwa hiyo walichimba kaburi uani mwa boma, pana na refu, la kukitosha kile kiti cha mninga. Watu wote walijaa uani. Chausiku aliletwa amebebwa kwenye machela, kwa kuwa alisema kama jua litasogea anataka kuliona kwa macho yake. Wachimbaji walipotoka, na kabla kiti hakijanyanyuliwa, Sihaba alifunga khanga kiunoni, akashuka kaburini, akalala chali.

"Sitoki," alisema.

Minong'ono ikapita. Wengine walicheka, kwa kuwa mtani kulala kaburini ni jambo la kawaida, hupewa kuku akatoka. Gavana akasogea ukingoni. Kutoka kule chini Sihaba hakuweza kuona uso wake, aliliona koti tu, na mbingu nyuma yake.

"Unataka nini, mtani?"

"Ibara ya tisa."

"Hiyo nilichukua mimi. Wewe ni mtani wangu, utanidai?"

Gavana aliwashika kwa desturi yao wenyewe, tena kwa adabu.

Sihaba akabaki amelala. Udongo ulikuwa wa baridi na ulinukia mvua za zamani. Akafumba macho. Nani anayezikwa hapa? Kiti, wanasema. Kiti hakijawahi kufa. Nani anayeondoka? Koti, wanasema. Koti halina miguu. Mimi ni nani? Mtani. Mtani wa nani? Nikilala hapa, Lugendo yu hai. Nikilala hapa milele, Lugendo yu hai milele, anakula ugali wa gerezani saa nne ya asubuhi, hazeeki, haoi, hatoki. Huo nao ni uhai? Ni uhai. Ni uhai, potelea mbali. Nani kasema uhai lazima uende mahali?

"Toka, mama!" mtu akapaza sauti. "Watoto wana njaa!"

"Toka, watu wanataka Ijumaa!"

Akahesabu sauti alizozijua. Yule ni mjukuu wa jirani. Yule alimzalisha mwenyewe. Walianza kwa kubembeleza, wakaishia kwa kukaripia, na donge la udongo likaanguka karibu na sikio lake. Hakujua kama lilirushwa au liliteleza.

Kisha sauti ikawa ya karibu sana. Chausiku alikuwa ameomba ashushwe kutoka kwenye machela. Alilala kwa ubavu ukingoni, tumbo limemwelemea, uso umeingia rangi ya majivu.

"Shangazi," alisema, polepole, kwa kuwa uchungu ulikuwa unapanda. "Sikuombi kwa ajili ya nchi. Nchi siijui. Nimechoka. Huyu alikuwa anacheza, sasa hachezi sana."

Sihaba akafumbua macho.

Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa amepima uhuru na shingo ya Lugendo, akaona shingo nzito. Mtoto hakumtia kwenye mizani. Alimtazama Chausiku kwa muda mrefu, akalia, hakuficha, machozi yakamwingia masikioni maana alikuwa chali.

Wakati huohuo wabebaji, kwa kudhani mambo yameisha, walikuwa wameanza kukisogeza kiti, na ncha ya kamba ikaning'inia ndani ya kaburi. Ilikuwa kamba nene, iliyopakwa mafuta, laini mahali pamoja. Sihaba akaishika. Aliijua. Kwa kuwa katani haikuota tena, nchi nzima ilikuwa imebaki na kamba nene moja, nayo ilikuwa ya gerezani. Walikuwa wameiazima ili wakishushie kiti.

"Mtani!" aliita. "Nimebadili shauri. Nipe kamba hii."

Gavana akacheka, kicheko cha kweli mara hii. "Kamba tu?"

"Kamba tu. Na hudai."

"Sidai. Chukua."

Watu wakapiga makofi. Wakamvuta juu, kamba ameizungusha begani, matope mgongoni. Kiti kikasukumwa bila kamba. Kilianguka kaburini kikasimama kwa miguu yake minne, wima, kama kinachongoja mtu. Wakakifukia haraka. Mgongo wake ulikuwa mrefu mno, ukabaki umechomoza shibiri moja juu ya udongo, na mtu mmoja akasema ataukata baadaye.

Wakatia saini. Jua likashtuka, likaanza kwenda, likaenda mbio kama mtumishi aliyechelewa. Magharibi yake ilikuwa fupi. Nchi nzima ikalala usingizi wa pono, na kilio cha mtoto mchanga kikasikika nyumba ya pili, chembamba, kizima. Sihaba alikisikia akiwa ameketi mlangoni pa gereza, juu ya kamba yake, akatabasamu peke yake. Bila kamba hawana cha kumnyongea. Na katani mpaka iote, ikatwe, isokotwe, ni misimu. Mambo mengi hutokea katika misimu.

Jogoo wa kwanza akawika. Mbingu ikapauka upande wa bondeni.

Mlango ukafunguliwa akatoka askari. Alikuwa askari yuleyule wa siku zote, ila nishani ya shaba ameibandua kofiani, na mahali pake amefunga utepe wa rangi za Chama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa uhuru."

"Ahsante, mama." Akasitasita. Alikuwa na karatasi mkononi. "Nimetumwa kamba."

"Amenipa mtani wangu. Watu wote walishuhudia. Nenda kamuulize."

"Amekwishaondoka, mama. Wameondoka wote."

Akamwonyesha karatasi. Sihaba hakujua kusoma, lakini mwandiko ule uliolalia kushoto aliujua. Alikuwa akiuona jikoni kwake, Ngonde alipokuwa akimwandikia barua za kumpelekea Lugendo.

"Inasema vyote vilivyokuwa vya boma vimerithiwa tangu jana, saini ilipotiwa," askari alisema, akitazama chini. "Na hukumu nazo, mpaka hapo zitakapotazamwa. Kamba hiyo ni mali ya Serikali."

"Serikali ipi?"

"Yetu, mama."

Sihaba akafungua kinywa. Alitafuta tusi, lile tamu, la kumfanya mtu acheke na mkono wake urudi nyuma. Alikuwa nayo elfu. Hakulipata hata moja. Kwa mtani angechukua na asingedaiwa. Huyu alikuwa wa kwao, na karatasi ilikuwa ya kwao, na cha kwao mtani hakichukui. Askari naye alilijua hilo. Mkono wake ulibaki umenyooshwa, hauondoki.

Kutoka ndani, nyuma ya ukuta, mtu akaita.

"Dada! Da Sihaba! Uko hapo?"

"Nipo."

"Nimesikia jogoo," Lugendo alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Humu ndani hakuna dirisha. Leo siku gani?"

Jua lilikuwa limeshika paa la ghala la pamba, na lilikuwa linapanda.

"Alhamisi," Sihaba akajibu. "Bado Alhamisi, mdogo wangu. Lala."